Mgonjwa wa Zamu

Sista Mkuu hakumruhusu mtu augue bila zamu. Ukitaka kuugua unamwambia mapema, anakupanga, anakupa kitambaa chekundu, alama ya zamu yako, ukifiche ndani ya soksi, na siku ikifika unaanguka pale anapotaka yeye, katika wimbo anaoutaka yeye, tena chali, ili shati jeupe lisichafuke kifuani. Ukianguka kwa kujiamulia, shauri yako. Utalala uwanjani jua likuchome, machela haitakuja.

Naona nimeanza vibaya. Asiyeujua mganda wa kwetu atadhani namsema mwendawazimu, kumbe namsema mwanamke aliyekuwa na akili kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi.

Mganda ni ngoma, lakini pia ni jeshi. Wazee wetu waliwaona askari wa wakoloni wakipiga kwata, wakaichukua kwata ile wakaitilia nyimbo, na huku kwetu Ngumbo, ufukweni mwa ziwa, kila kijiji kikawa na kikosi chake. Kuna Mfalme, kuna Kapteni, kuna Sajini, kuna wanaume wa kaptula nyeupe na soksi ndefu wanaopuliza vibuyu na kupiga hatua pamoja. Hakuna anayelipwa hata kidogo. Mtu anakuwa Kapteni Jumamosi na Jumapili, Jumatatu anarudi kuanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Na kwa kuwa jeshi lina hospitali, mganda nao una hospitali yake: kibanda cha matete pembeni ya uwanja, mkeka, ndoo ya maji, Daktari mwenye koti jeupe ambaye siku za kazi ni fundi mitumbwi, na masista wa kuwafuta wachezaji jasho na kuwaangalia vifungo. Masista tulikuwa wasichana wa kijiji. Mkuu wetu alikuwa huyu mama.

Jina lake nalijua vizuri, ila halina kazi hapa. Hata kanisani, siku kasisi alipomwita kwa jina la ubatizo, watu waligeuka nyuma kutafuta ni nani huyo. Yeye mwenyewe alichelewa kuitika.

Wala hakuwahi kuwa sista wa kweli. Alikuwa mfuaji. Miaka mingi alifua mashuka katika hospitali moja ya misheni, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa naye akapunguzwa, akarudi nyumbani na begi la nguo na jinsi ya kukunja pembe za shuka. Kwa pembe hizo alitutesa. Mkeka wa kibandani ulitandikwa shuka, na shuka lilikunjwa kwenye pembe kama kitanda cha wodi, ingawa mkeka hauna pa kuchomekea shuka. Tulimwambia. "Chomekeni chini ya udongo kama mnataka," alijibu, "lakini pembe niione." Tukachomeka chini ya udongo, kisha tukafua lile shuka, kisha tukapiga pasi. Kanisani hakusikiliza mahubiri, alikuwa anaangalia kitambaa cha altare. Wakati mwingine alininong'oneza, "Kile kimepigwa pasi na mtu mwenye haraka," na kweli, ukitazama vizuri unaona mkunjo.

Zamani nguo nyeupe zilikuwa shida. Wakubwa wetu walicheza kwa mashati yaliyoshonwa kwa mifuko ya unga, na sabuni ilipokosekana walifua kwa majani ya mpapai. Mimi nilikuta biashara imefunguliwa, marobota ya mitumba yanateremshwa Mbamba Bay, watu wanachambua magoti chini. Sista Mkuu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alinusa kila shati. Lenye maandishi kifuani hakulitaka hata ukimpa bure. "Mimi sitibu matangazo," alisema. Basi siku mnunuzi mmoja wa kahawa alipotugawia fulana zenye jina lake, Sista Mkuu aliagiza zote zivaliwe ndani nje, na mbele ya mnunuzi mwenyewe, ambaye alicheka kwa kukosa la kufanya.

Sasa nije kwenye zamu, maana ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote. Alizitangaza Alhamisi jioni kwenye ngazi za kanisa, baada ya sala, kabla ya kila safari. Alijua kuandika, tena mwandiko wake ulikuwa mzuri, ila karatasi hakuitaka, alisema inalowa. Alisimama tu, mikono nyuma, akataja watu sitini bila kukosea. Zamu ya maji. Zamu ya jiko. Zamu ya kamba, yaani wale wanne wanaoshika kamba inayozunguka uwanja ili walevi wasiingie kuwakanyaga wachezaji. Zamu ya machela. Zamu ya choo, ndiyo, choo, kwa sababu wageni wakikuta choo chenu kichafu watawatungia wimbo, na wimbo wa mganda hauzeeki. Siku moja zamu hiyo alimpa mwenyekiti wa kijiji.

"Mama," mwenyekiti akasema kwa upole, watu wakisikia, "mimi ni mwenyekiti."

"Ndiyo maana nimekupa cha wanaume peke yake," akamjibu.

Na alisafisha, jamani. Tulimwona kwa macho yetu, ufagio mkononi. Sijui alikuwa na nini mama yule. Hakupiga kelele, hakutukana, alikutazama tu kama anayekungojea umalize upumbavu wako.

Mwisho kabisa alitaja, kwa sauti ya chini, mgonjwa wa zamu na sista wake. Hawa walipangwa wawili wawili. Mgonjwa akianguka, sista wake anakimbia peke yake na mkoba mweupe, uwanja mzima ukimwangalia, na watu wa machela wanamfuata nyuma. Kibandani Daktari anapima mapigo ya moyo, Sista Mkuu anadunga sindano ya kipande cha tete, mgonjwa ananyweshwa maji ya sukari, kisha huyo, anaruka juu na kurudi mstarini akipuliza kibuyu kwa nguvu mpya. Hapo wanawake wanapiga vigelegele mpaka masikio yanauma. Waamuzi walikuwa na maksi maalumu za hospitali, na kwenye maksi hizo hakuna kikosi kilichotushinda.

Sheria zake zilikuwa chache. Asiyeweza zamu amwambie sista wake kabla kamba haijafungwa, na sista amfikishie Mkuu. Kamba ikishafungwa hakuna kuitana majina, kuna vyeo tu. Hakuna mama, hakuna mjomba, na hakuna Kinyasa, ni Kiswahili mwanzo mwisho, kwa sababu aliamini hospitali haiendeshwi kwa lugha ya jikoni. Na anayefungua kamba ni Mfalme peke yake, wimbo wa mwisho ukiisha.

Ukimwona ndani ya kamba ungedhani anajiamini kupita kiasi. Nje ya kamba alikuwa mtu mwingine. Zahanati ilipoanza kuwa ya kulipia, watu wengine walimwendea nyumbani na watoto wenye homa, wakidhani miaka yote ile ya hospitalini haikuwa ya mashuka tu. Aliwakatalia wote. "Ndani ya kamba ndiyo mimi Sista Mkuu. Hapa ni mfuaji." Halafu alijifunga kanga, akambeba mtoto mgongoni, akatembea na mama yake mpaka zahanati, na kama kulikuwa na la kuomba aliliomba yeye. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu anywe hiki au apake kile. Alijua mpaka wake uko wapi. Hilo mlikumbuke, maana baadaye watu walilisahau kwa makusudi.

Sindano ya kweli aliiogopa kufa. Walipokuja watu wa chanjo alijificha kwenye mihogo, tukamkuta amechuchumaa, kofia nyeupe imeonekana juu ya majani. Tulimcheka wiki nzima. Alisema alikuwa anang'oa magugu.

Na alikuwa na mkono wa upole. Nilipofiwa na baba nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nililala bila kula siku mbili. Alikuja akakaa kwenye kitanda changu, hakusema pole wala neno lolote, akaanza kunichana nywele. Alizichana, akazisuka, akazifumua, akazisuka tena. Mpaka leo mtu akinigusa kichwa kwa upole namkumbuka yeye. Kwa hiyo mjue ninayemsimulia si mtu wa mbali. Nilimpenda, na nikamfanyia nililomfanyia.

Miaka hiyo chama cha ushirika kilikuwa kimeishiwa nguvu, na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapanda na kushuka milimani na malori, kila mmoja akitaka kupendwa na wakulima. Mmoja akatangaza mashindano ya mganda kule Tingi, zawadi ng'ombe dume, akatuma lori lituchukue sisi wa ziwani. Lori lilikuwa na karani, kijana wa Mbinga mjini mwenye miwani ya jua. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja. Sina haja ya kueleza sana.

Alhamisi ile, kwenye ngazi za kanisa, nilitajwa kwa mara ya kwanza kuwa sista wa zamu. Mgonjwa wangu akawa Osmundi. Loo, nilifurahi! Osmundi alikuwa mvuvi, kijana mrefu aliyekuwa akiishi na mama yake, na hakuna aliyeanguka vizuri kama yeye. Alianza kwa kuyumba, akakosea hatua moja, akajishika shingo, halafu akaenda chini polepole huku kibuyu bado kinalia. Watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kumwona Osmundi akianguka.

Tulifika Tingi Ijumaa tukalala madarasani. Jumamosi asubuhi nilikuwa nyuma ya lori, napuliza makaa ya pasi, gauni langu limetandikwa juu ya gunia. Osmundi akaja akaegemea tairi.

"Dada, leo nitoe," akasema. "Mwili unatetemeka. Kichwa kinanigonga tangu jana."

"Kazi yako leo ni kuugua," nikamwambia. "Una bahati, hutahangaika kuigiza."

Akacheka. Nasema ukweli mtupu, alicheka, mkono ukiwa kichwani.

"Lakini mwambie Mkuu."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Nilimpita Sista Mkuu mara tatu asubuhi ile, mara moja aliniita kunifunga mkanda, uso wake karibu na uso wangu, nikanyamaza. Nilijua akisikia atamtoa Osmundi, ataweka mgonjwa mwingine na sista mwingine, na mimi nitakaa kibandani nikikunja mashuka wakati karani wa lori anaangalia msichana mwingine akikimbia na mkoba. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine. Nimeitafuta nyingine miaka yote hii na sijaipata.

Kamba ikafungwa. Osmundi alitakiwa kuanguka wimbo wa tatu. Alianguka wa pili, kifudifudi, na kibuyu kikapasuka chini yake.

Watu wakashangilia. Walidhani ni jipya, na mimi nilijilazimisha kudhani hivyo hivyo. Nikakimbia. Nilikimbia vizuri, mgongo wima, mkoba mkono wa kushoto kama nilivyofundishwa, na nilipokuwa nakimbia nilitupa jicho kwenye lori. Mungu anisamehe, nilitupa jicho.

Kibandani Daktari wetu akashika mkono wa Osmundi, akahesabu kwa sauti kubwa ili waamuzi wasikie. Sista Mkuu akapiga magoti na kipande chake cha tete. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso, na hapo nikamwona anaacha kuigiza. Kiganja hakikuondoka. Akamfunua jicho kwa kidole gumba. Akasimama mlangoni.

"Fungueni kamba!" akasema.

Hakuna aliyefungua. Kamba ni ya Mfalme, kila mtu anajua, na sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe. Wale wanne wa zamu ya kamba walisimama wima, wakiona fahari kwamba Sista Mkuu anawajaribu mbele ya watu. Umati ukapiga makofi. Mwamuzi mmoja, nilimwona, aliinama akaandika.

"Fungueni kamba, mgonjwa anaumwa!"

Wakacheka mpaka wengine wakashikana. Mgonjwa anaumwa! Mlisikia hiyo? Ngoma ikapigwa kwa nguvu zaidi.

Akachukua kisu cha jikoni, akaenda mbio na gauni lake jeupe, akaikata kamba. Hata hapo bado walicheka. Akarudi, akamwinua Osmundi kwa mabega, akaanza kumwita. Alimwita kwa jina lake, kwa Kinyasa, jina la nyumbani ambalo mama yake alimwita, na alimwita kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena duniani. Ngoma ikanyamaza. Kapteni akavua kofia. Wale wa zamu ya kamba walikuwa bado wameshika vipande vya kamba mikononi, hawajui waviweke wapi.

Tulimpakia kwenye lori la kahawa. Alikata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa Sista Mkuu. Hospitalini walisema malaria ilikuwa imepanda kichwani. Mganga aliyetupokea akasema, si kwa ubaya, ni kama mtu anayejisemea, "Mngemleta asubuhi."

Baada ya matanga wazee waliitisha kikao uani mwa kanisa. Mama yake Osmundi alikaa kwenye mkeka mbele, miguu ameinyosha, hatazami mtu. Wazee waliuliza mengi. Halafu Sista Mkuu akageuka, akanitazama mimi.

"Sista wa zamu," akasema. "Asubuhi ile Osmundi alikuambia lolote?"

Mama yake Osmundi akainua macho. Nikayaona.

"Hapana, Mkuu," nikasema. "Hakuniambia kitu."

Sista Mkuu aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akilitegemea jibu hilo. "Basi ni mimi," akawaambia wazee. "Nilimpanga mimi. Nilimwona asubuhi macho mekundu, nikadhani hakulala. Wasiulizwe wengine."

Hawakuulizwa. Jamani, hawakuulizwa hata kidogo. Neno "ni mimi" watu hulipokea upesi sana. Kabla ya mvua kunyesha ilikuwa imeshakuwa habari ya kisimani, yule mama aliyejifanya nesi akamuua mtoto wa mwenzake kwa kijiti. Waliobebewa watoto wao kwenda zahanati walikuwa mstari wa mbele kusema. Ng'ombe dume wa Tingi alikwenda kwa kikosi kingine. Kikosi chetu kilivunjika, na kilipoundwa tena kilikuwa na fulana zenye maandishi, na hospitali hakikuwa nayo.

Yeye hakujitetea. Alirudisha mashuka kanisani, yamekunjwa. Halafu msimu wa kulima ulipoanza akabeba jembe, akaenda kwenye shamba la mama yake Osmundi, akaanza kutengeneza matuta ya mihogo. Hakuombwa. Mama yule alisimama mlangoni akimtazama, akaingia ndani, akafunga. Msimu wa pili vilevile. Mimi nilipita njia ya chini na ndoo yangu, nikawaona, mmoja shambani na mmoja ndani, na kila nilipopita nilisema kesho nitasema. Msimu wa tatu niliona kata ya maji juu ya jiwe pembeni ya shamba. Nikajiambia basi, wamepatana, ya nini kufukua. Woga unajua kutafuta sababu nzuri.

Karani hakuwahi kuniuliza hata jina. Niliolewa na fundi baiskeli nikahamia Mbinga mjini, nikanunua cherehani, nikakaa kwenye baraza la duka nashona sare za shule. Nilizaa, nikalea. Miaka kumi na minne ikapita, na sikuwahi kuketi kanisani nikasikia "nimekosa mimi" bila kuhisi mkanda ule unafungwa kiunoni.

Habari ilikuja na mteja kutoka kijiji cha Ukata, milimani. Alikuwa anasifu: kijijini kwao kuna bibi kutoka ziwani, anakaa kwa binti yake, mguu umevimba, hatembei vizuri, lakini nguo zote za kanisa anazipiga pasi yeye. Niliacha sare mezani hazijakwisha. Kesho yake nilifunga sukari na sabuni, nikapanda gari la kwenda Ukata.

Nilimkuta uani kwa binti yake, ameketi kwenye kigoda kando ya kichanja cha kahawa, anachambua punje mbovu. Alikuwa amepungua. Macho yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, Sista Mkuu."

"Marahaba." Akanitazama, akatabasamu kabisa, meno yote. "Huku hakuna anayeniita hivyo. Kaa, mwanangu, kaa. Umenenepa! Nani anakulisha hivyo?"

Alinifurahia. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote niliyoyategemea. Aliuliza watoto, mume, cherehani. Aliushika mkono wangu akaugeuza kuangalia vidole vilivyotobolewa na sindano, akacheka. Nilijua nikisubiri chakula kiletwe sitaweza, kwa hiyo nikasema palepale. Nilisema yote, lori, pasi, karani, kikao. Sikuacha kitu. Nikamwambia hukuwa wewe, Mkuu, ni mimi.

Aliendelea kuchambua kahawa. Mbovu huku, nzima huku. Kisha mkono ukasimama.

"Alisema mwenyewe?"

"Alisema."

"Maneno gani?"

Nikamwambia. Leo nitoe. Mwili unatetemeka. Kichwa kinanigonga tangu jana. Mwambie Mkuu.

"Alisema mwambie Mkuu," akarudia.

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha pia, na niseme ukweli, huo ndio nilioufuata. Nilikuwa nimewaza kwamba atapumua, kwamba nitamwona anasimama wima mzigo ukiwa umeshuka.

"Unajua usiku nilikuwa napata usingizi kwa sababu gani?" akasema mwishowe. "Kosa nilikuwa nalo, sikatai. Macho yake niliyaona. Ila nilikuwa najiambia, hakusema. Ni wanaume, wanaficha. Angesema ningemtoa, na yeye anajua ningemtoa, na hakusema. Mama yake naye nilimwambia hivyo, siku tulipoanza kusemeshana. Nilimwambia, mwanao hakutuomba tukamnyima. Alilia, akanipa maji. Ndiyo maneno tuliyokuwa tunaishi nayo, mimi na yeye." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Kumbe aliomba. Kumbe aliniita mimi."

Nikapiga magoti nikamshika mguu ule uliovimba, nikalia nikiomba msamaha. Akaniacha nilie. Hakunisukuma, hakuniinua. Nilikuwa nimetoka Mbinga kumpunguzia, na nilichomletea ni kumwondolea kitu kimoja alichobaki nacho. Wakati huo ndipo nilipokielewa, nikiwa tayari nimeshakisema.

Binti yake alileta ugali na maharage. Tulikula, kwa sababu mgeni hula. Sista Mkuu alininawisha mikono mwenyewe.

Jua lilipoanza kuinama alichukua fimbo, akanisindikiza mpaka barabarani, ingawa nilimsihi asitembee. Tulikwenda polepole sana. Tukasimama pale magari yanaposimama.

"Mama yake Osmundi yuko hai bado," akasema. "Usimwambie."

"Sitamwambia."

"Tukae nalo wewe na mimi."

"Ndiyo, Mkuu."

Gari likaonekana linapanda. Akanirekebishia kola ya blauzi, upande uliokuwa umekunjamana, kwa vidole viwili.

"Sina kinyongo na wewe, mwanangu," akasema. "Na Mungu atakusamehe, yeye anaweza. Lakini usije tena. Nikikuona nitamsikia yule kijana anaomba, na mimi sasa ni mzee, siwezi kumsikia kila mara."

Gari likasimama. Nikapanda, nikakaa upande wa dirisha, nikageuka kumpungia. Alikuwa ameshageuka, anarudi na fimbo yake.